Wasifu Mmoja, Kazi Moja: Vijana wa Kericho na Bomet Mbele ya Mteja Asiyewajua

Ukipita Litein, Kapkatet, Sotik au Mogogosiek utakuta mabango ya saiba yamejaa maandishi toka juu hadi chini: ritani za KRA, huduma za eCitizen, maombi ya HELB, kupiga chapa, kutoa nakala, picha za pasipoti, kadi za harusi, kubuni nembo, na kwenye kona iliyobaki, M-Pesa. Bango hilo halina kosa. Mwenye saiba hajui anayeingia mlangoni amekuja na shida gani, na wanaoingia kwa siku ni wachache. Akiandika kwamba yeye hubuni nembo tu, atafunga duka kabla mwezi haujaisha. Katika mji mdogo, wingi wa huduma ndio unaolipa kodi ya chumba.

Kijana aliyekulia katika uchumi huo akifungua akaunti Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni, huandika bango lile lile. Anajitambulisha kuwa mwandishi wa makala, mnukuzi, mwingiza data, msaidizi wa ofisi kwa mbali, mbunifu wa michoro, mtaalamu wa mitandao ya kijamii na mtafsiri. Kisha anangoja, na hakuna anayemjibu. Ushauri anaopewa huwa ni kwamba apunguze maneno, kana kwamba tatizo lake ni mtindo wa uandishi. Mimi naona tatizo lake ni ukubwa wa soko. Amehama soko bila kuhamisha hesabu zake.

Adam Smith aliliandika jambo hili mwaka 1776. Alisema mgawanyo wa kazi huwekewa mpaka na upana wa soko, na akatoa mfano wa mkulima wa nyanda za juu za Uskoti ambaye, kwa kuwa majirani walikuwa mbali na wachache, alilazimika kuchinja, kuoka mkate na kutengeneza pombe ya nyumbani kwake mwenyewe. Mkulima yule hakukosa akili, alikosa wateja. Fundi wa mjini aliweza kufanya kazi moja maisha yake yote kwa sababu wahitaji wa kazi hiyo walikuwa wengi. Intaneti imempa kijana wa Bomet wateja wa dunia nzima. Maana yake ni kwamba hata jambo dogo sana, ambalo pale Sotik lingehitajiwa na mtu mmoja kwa mwaka, linaweza kuwa na wahitaji wa kutosha kumlisha. Lakini maana yake pia ni kwamba anashindana na watu wa Manila, Lahore na Lagos ambao tayari wamechagua kazi moja.

Mazoea ya bango yana ndugu yake, nayo ni wasifu wa kuombea kazi serikalini. Kijana wa Kenya amefundishwa kuanza na nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na alama za KCPE, kisha aambatishe vyeti vya EACC, HELB, KRA, DCI na ofisi ya kumbukumbu za mikopo. Mbele ya bodi ya kuajiri, karatasi moja ikikosekana jina linaweza kukatwa kabla sifa hazijasomwa. Amejifunza, tena kwa uchungu, kwamba kuacha kitu nje ni hatari. Mtandaoni mambo yamegeuka: kila kitu kisichohusiana na kazi ya mteja kinaficha kile kinachohusiana nayo.

Mafunzo nayo yamechangia. Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa na Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano mwaka 2016 na baadaye kuungwa mkono na KEPSA na Mastercard Foundation, umewafungulia vijana wengi mlango ambao wasingeuona. Naheshimu kazi hiyo. Lakini mtu akipitishwa kwa muda mfupi katika unukuzi, uingizaji data, uandishi, uuzaji wa kidijitali na usaidizi wa ofisi, atatoka na hamu ya kuorodhesha vyote vitano. Yaliyokuwa maonjo ya kumsaidia kuchagua yanageuka kuwa madai ya utaalamu.

Hili si jambo la mchezo katika nchi ya chai. Mashamba makubwa ambayo wazazi na babu waliyajua kwa majina ya Brooke Bond na Finlays yamebadilisha wenyewe. Unilever iliuza biashara yake ya chai kwa CVC mwaka 2022, na mwaka uliofuata mashamba ya James Finlay yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi za wachumaji wengi, na Mei 2023 hasira ilipanda hadi mashine zikachomwa moto Kericho na mtu akapoteza maisha. Wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vinavyosimamiwa na KTDA wamezoea kuona bonasi yao ikiwa chini ya ile ya wenzao wa Mlima Kenya. Nyumbani kwa wengi, mtoto aliyetoka Chuo Kikuu cha Kabianga na kompyuta ya mkononi ndiye anayetazamiwa kuleta pato lisilotegemea majani. Akipoteza mwaka mzima kwa wasifu usiosomeka, hasara si yake peke yake.

Sasa tuangalie upande wa pili wa skrini. Mteja aliyetangaza kazi hupokea maombi kwa makumi. Kwenye orodha haoni wasifu mzima. Anaona picha, jina, nchi, bei ya saa, kichwa cha habari ambacho Upwork imekipa nafasi ya herufi 70, na mistari michache ya kwanza. Maelezo yanaweza kufika herufi 5,000, lakini mengi hukaa nyuma ya kitufe ambacho mteja hatakibonyeza ila kama mistari ile imemvuta. Kwa hiyo mahali pa kuamulia ni padogo mno, na pale ndipo vijana wetu huandika kwamba wao ni wenye bidii, waaminifu na wepesi wa kujifunza. Hakuna mwombaji anayeandika kwamba ni mvivu. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli tupu na bado yasimsaidie mteja kumtofautisha yeyote.

Kuna gharama nyingine inayosahaulika. Tangu 2019 Upwork imeuza tiketi za kuombea kazi, kila moja senti 15 za dola. Kazi inayodai tiketi 16 inamgharimu mwombaji dola 2.40, yaani zaidi ya shilingi 300 kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola. Tiketi za bure za mwezi hazifiki mbali. Anayeomba kazi za aina saba kwa wasifu mmoja unaosema kila kitu hulipa bei ileile kama aliyeomba aina moja inayolingana na wasifu wake, ila huyu wa pili anasomwa.

Fiverr, jukwaa jingine la namna hiyo, inalazimisha kuchagua kwa muundo wake wenyewe. Tangu ilipoanza 2010, kila tangazo huanza kwa muuzaji kusema atafanya jambo fulani, na tangazo moja hubeba jambo moja. Anayefanya kazi mbili hufungua matangazo mawili. Upwork nayo imeruhusu, juu ya wasifu mkuu, wasifu maalumu miwili. Hivyo hoja kwamba kuchagua ni kujifungia riziki haina nguvu inayodhaniwa. Unaweza kujua unukuzi na ubunifu wa michoro pia. Usiviweke tu katika aya moja mbele ya mtu mmoja.

Swali zito zaidi ni la imani. Mwaka 2016 watafiti Ajay Agrawal, Nicola Lacetera na Elizabeth Lyons walichapisha uchambuzi wa data za oDesk, jukwaa lililokuja kuwa sehemu ya Upwork. Walikuta kwamba waombaji wa nchi zisizoendelea sana waliajiriwa kwa nadra kuliko wenzao wa nchi tajiri, na kwamba rekodi ya kazi iliyothibitishwa na jukwaa lenyewe iliwafaidi waombaji wa nchi hizo kuliko ilivyowafaidi wale wengine. Matokeo hayo yana uchungu na yana matumaini. Mteja wa Chicago hajui Kabianga ni wapi na cheti chake hakimwambii kitu. Kazi iliyokwisha kufanywa na kusifiwa anaielewa mara moja.

Amanda Pallais, katika makala iliyotoka 2014 kwenye American Economic Review, alikwenda mbali zaidi. Aliajiri watu 952 hukohuko oDesk kwa kazi ya kuingiza data, waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwa waombaji, akawapa baadhi yao tathmini fupi na wengine tathmini ya kina. Waliopata nafasi ile walipata kazi nyingi zaidi baadaye na mapato makubwa kuliko waombaji waliokosa, na kwa wasio na uzoefu tathmini ya kina ilikuwa na thamani ya pekee. Ugumu, basi, hukaa katika kazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na hapo ndipo kuchagua kunapolipa. Kazi tano za mwanzo zikiwa za aina moja, sifa tano zinasema jambo moja na zinajengana. Zikiwa za aina tano, mteja wa sita anakuta sifa moja tu inayohusu shida yake, na bado anasita.

Kericho ingepaswa kulielewa hili kuliko sehemu nyingine, kwa sababu chai yake imekuwa ikiuzwa kwa wageni hivyohivyo kwa miongo. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa 1969 hauuzi chai kwa sifa ndefu. Katalogi inataja alama ya kiwanda, daraja kama BP1, PF1 au PD, idadi ya mifuko na kilo. Sampuli zimekwisha kutumwa kwa wanunuzi, nao wameonja. Hakuna anayeandika kwamba chai hii imechumwa kwa upendo na watu wenye bidii, ingawa imechumwa hivyo. Mnunuzi wa Karachi au Cairo anajua daraja analotaka, anaona alama anayoiamini, ameonja, anataja bei. Jina la kazi, ushahidi wa aliyekwisha kukuamini, na sampuli: wasifu mzuri wa mtandaoni hauhitaji zaidi ya hapo ili mteja aanze mazungumzo.

Sampuli ndiyo inayowakwamisha wengi, na sababu yake lazima isemwe wazi. Kwa miaka mingi kazi ya mtandaoni iliyowalipa vijana wengi wa Kenya ilikuwa kuandika insha na tasnifu za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Gazeti la New York Times liliandika juu ya biashara hiyo mwaka 2019. Wengi waliiingia wakiwa wenyewe bado vyuoni. Wapo waliojilipia karo kwayo. Kisha milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Australia ilipitisha sheria ya kupiga marufuku huduma hiyo mwaka 2020, Uingereza ikafuata 2022, na Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatolewa kwa umma, ikawapa wanafunzi insha bila kumlipa mtu.

Vijana hao wametoka huko na ujuzi wa kweli: kusoma makala ya kitaaluma haraka, kupanga hoja, kutii miongozo ya marejeo, kumaliza kazi kabla ya saa iliyowekwa. Lakini hawawezi kuonyesha hata ukurasa mmoja, kwa sababu kila ukurasa una jina la mtu mwingine, na kuuonyesha ni kukiri udanganyifu. Wengine huandika tu kwamba wana uzoefu wa miaka saba katika utafiti na uandishi, mteja mwangalifu akanusa mara moja. Wengine hununua au kukodi akaunti ya mtu mwingine yenye nyota tele. Nalipinga jambo hilo bila kusitasita. Linavunja masharti ya majukwaa, akaunti ikifungwa fedha zilizomo hukwama, na hata isipofungwa sifa zinazokusanywa si zako. Miaka inapita na jina lako halijajengeka.

Njia ya kutokea ipo, ila ni ya unyenyekevu. Tengeneza sampuli mpya, zako, hata kama hakuna aliyekulipa. Aliyekuwa akiandika tasnifu za uuguzi anaweza kuandika kurasa mbili za maelezo ya afya kwa lugha nyepesi kwa ajili ya wagonjwa. Anayetaka unukuzi achukue dakika kumi za hotuba iliyo wazi kwa umma, anukuu kwa uangalifu, aonyeshe na dakika ambayo kila msemaji anaanza. Sampuli tatu za namna hiyo zina uzito kuliko aya kumi za madai. Nimeona vijana wakizidharau kwa sababu hazikulipwa, ilhali mteja haulizi kama zililipwa. Anatazama kama zinafanana na anachotaka.

Hapa tunafika kwenye kuchagua chenyewe. Ushauri wa kuchagua jambo moja unaweza kumtupa mtu shimoni ikiwa jambo hilo ndilo mashine inalimeza. Septemba 2022 OpenAI iliachilia programu ya Whisper, inayogeuza sauti kuwa maandishi bila malipo. Anayejitangaza leo kuwa mnukuzi wa Kiingereza, bila neno la ziada, amesimama mbele ya mashine kama alivyosimama mchumaji wa chai. Hata zile kazi ndogondogo za kufundisha mitambo si salama: jukwaa la Remotasks liliifungia Kenya mwezi Machi 2024, na waliokuwa wamelitegemea hawakubaki na wasifu wowote wa kuonyesha kwingine. Kwa hiyo nisemapo kazi moja simaanishi chombo kimoja. Namaanisha shida moja ya mteja wa aina moja, ambayo unaielewa kuliko wengi.

Na watu wa Kericho na Bomet wanazo shida wanazozielewa kuliko wengi. Ya kwanza ni lugha. Whisper haina Kikalenjin katika lugha zake. Watafiti wa afya, kilimo na hali ya hewa hurekodi mahojiano vijijini, kisha wakahitaji mtu wa kuyaandika na kuyatafsiri kwa Kiingereza bila kupoteza maana. Mradi wa African Next Voices, ambao data zake zilitoka 2025, kwa upande wa Kenya umekusanya sauti za Kikalenjin pamoja na Kikikuyu, Kidholuo, Kimaasai na Kisomali. Ni dalili kwamba lugha hizi zimeanza kuhitajiwa na watu wenye fedha za kulipia. Wasifu unaosema kwamba mwenyewe hunukuu na kutafsiri mahojiano ya Kikalenjin na Kiswahili kwa watafiti wa kilimo na afya hautaitwa kila siku. Utakapoitwa, walioshindania kazi hiyo hawatakuwa mia mbili.

Ya pili ni chai yenyewe. Inasikitisha jinsi inavyoachwa. Ulaya na Marekani kuna maduka ya mtandaoni yanayouza chai maalumu, na yote yanahitaji maneno: maelezo ya bidhaa, makala, barua za kila mwezi kwa wateja. Mengi huandikwa na watu ambao hawajawahi kuona kichaka cha chai. Kericho ndiko makao ya taasisi ya utafiti wa chai, ambako chai ya zambarau TRFK 306 ilitoka mwaka 2011. Ndiko shamba la Unilever lilikopata cheti cha Rainforest Alliance mwaka 2007, mwanzo wa safari ya cheti hicho katika chai. Mtu aliyesoma kilimo Kabianga, ambaye wazazi wake wana miche nyuma ya nyumba, anajua kwa nini majani ya msimu wa baridi ni tofauti, mvua ya mawe inafanya nini kwa mavuno, na mkaguzi wa cheti anauliza maswali gani. Akiandika kwamba yeye ni mwandishi wa masuala ya chai kutoka Kericho, mahali alikozaliwa panakuwa sifa. Wengine huficha nchi yao wakiogopa kubaguliwa. Hofu hiyo ina msingi, utafiti nilioutaja unaonyesha hivyo, lakini tiba yake haiwezi kuwa uongo unaofichuka kwenye simu ya kwanza ya video.

Anayechagua lugha au chai anaweza kuuliza: nikikosa kazi miezi mitatu? Swali ni la haki, na mwenye kodi ya kulipa hawezi kujibiwa kwa nadharia. Aendelee na kazi za mjini, za saiba, za vikundi na za shule, ambako upana unalipa. Bango la Litein na wasifu wa Upwork vinaweza kuwa vya mtu mmoja bila kufanana.

Mambo madogo nayapitia haraka. Picha iwe ya uso, mchana, bila miwani ya jua. Kiingereza kiwe cha sentensi fupi. Kile cha barua ya maombi tulichofundishwa shuleni, chenye heshima nyingi kabla ya kusema jambo, kinamchosha msomaji wa simu. Usiahidi kupatikana saa 24. Mwaka 2023 Kenya nzima ilizama gizani Agosti na tena Desemba, na Kericho ina ngurumo na mvua ya mawe za kutosha kuzima laini ya kijiji jioni nyingi. Taja saa zako kwa saa za mteja: Kenya iko mbele ya London kwa saa mbili au tatu kulingana na msimu, na mbele ya New York kwa saba au nane. Asubuhi ya mteja wa Marekani ni alasiri yako, na kazi aliyoituma akienda kulala inaweza kuwa tayari akiamka. Hilo ni la kweli, na linaingia katika mstari mmoja.

Kuna mipaka ambayo wasifu hauwezi kuivuka. Majukwaa yamewahi kukataa akaunti mpya kwa sababu ujuzi uliotajwa una watu tele. Bei ya data, kompyuta iliyochakaa, nyumba isiyo na mahali pa utulivu wa kurekodi sauti: hayo ni ya kaunti, ya serikali na ya kampuni za simu. Ndiyo maana nataka vituo vya mafunzo vya Kericho na Bomet viache kupima mafanikio yao kwa idadi ya waliohudhuria. Vihesabu waliotoka na sampuli tatu, kichwa cha habari kisichozidi herufi 70 kilichosomwa na mtu wa nje akaeleza kazi ni ipi, na waliopata tathmini ya kwanza ndani ya nusu mwaka. Mkufunzi akae na kila kijana saa moja ya kufuta yasiyohusika katika wasifu wake. Saa hiyo ni ghali kuliko darasa la watu hamsini, na katika bajeti za mafunzo ndiyo inayopaswa kulindwa kwanza.